Nyumba Bila Ardhi: Risiti, Ruhusa na Miaka Kumi na Miwili

(Hii ni hotuba iliyotolewa na idara yetu ya haki na maendeleo mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe waliotaka kwenda kuisoma pamoja na kamati zao.)





Tumeombwa tuzungumze juu ya ardhi. Kwa kawaida, tunapokutana namna hii, tunazungumza juu ya visima, madarasa, mikopo ya vikundi vya akina mama na karo za watoto yatima. Lakini nyote mnajua kwamba kisima huchimbwa mahali, darasa hujengwa mahali, na mama wa kikundi huweka mbuzi wake mahali. Mahali hapo pakiwa na mgogoro, mradi wote huyumba. Ndiyo maana tumekubali mwaliko huu kwa furaha.

Hatutazungumza juu ya migogoro yote ya ardhi ya Pwani, kwa maana tungekesha hapa. Tutashughulikia swali moja tu: mtu aliyekaa miaka mingi katika ardhi isiyokuwa na jina lake, wala hana mkataba ulioandikwa, ana haki gani? Na yule mwenye hatimiliki, ana haki gani? Jibu letu kwa ufupi ni hili. Wengi wanadhani kesi za namna hii huamuliwa kwa kuhesabu miaka au kwa kutazama ukubwa wa nyumba. Miaka huhesabiwa, ni kweli. Lakini kabla ya kuhesabu, mahakama huuliza: huyu mtu alikaa hapa kwa ruhusa ya nani? Jibu la swali hilo ndilo linalogeuza kesi upande huu au ule, na mara nyingi hakuna karatasi inayoweza kulijibu.

TULIKOTOKA

Hapa Pwani tuna desturi ambayo wenzetu wa bara huishangaa. Mtu anaweza kuwa na nyumba lakini ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ikawa ya mtu mwingine. Tunaiita nyumba bila ardhi. Vivyo hivyo mtu anaweza kuwa na minazi yake katika shamba la mwingine. Katika mitaa mingi ya Mombasa, kuanzia Majengo hadi Kisauni na Likoni, watu wamejenga, wamezaa, wamezika wazee wao, huku wakilipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka kwa mwenye shamba au kwa msimamizi wake. Wengine wana risiti. Wengine wanalipa mkononi, na ushahidi wao pekee ni neno la mdomo.

Hali hii ina historia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa maili kumi wa Pwani. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa kupeleka madai yake kwa afisa aliyewekwa na serikali, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Waliokuwa karibu na ofisi, waliojua kusoma na waliokuwa na hati za zamani walipata vyeti. Familia nyingi za Wamijikenda, zilizokuwa zikilima kwa desturi za koo zao, hazikupata. Kwa hiyo kuna watu waliolala wakiwa wenyeji wakaamka wakiwa wageni katika mashamba yao wenyewe. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 imekiri kwamba ardhi ya Pwani ina tatizo lake la pekee linalohitaji kushughulikiwa.

Mara nyingine serikali imeingilia kati. Wengi wenu mnalikumbuka shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, ambalo lilivamiwa na watu mwaka 1997, na wakazi wake wakaanza kupewa hatimiliki mwezi Januari 2016 baada ya serikali kulinunua. Lakini serikali haiwezi kununua kila shamba. Walio wengi watabaki na mwenye ardhi wao, na mgogoro wao utaamuliwa ama kwa mazungumzo ama mahakamani. Kwa hiyo ni lazima tujue sheria inasema nini.

UPANGAJI USIOANDIKWA

Tuanze na mpangaji. Watu wengi hutuambia: "Sisi hatuna mkataba, kwa hiyo hatuna haki yoyote." Hilo si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 57, inasema kwamba mwenye ardhi akimruhusu mtu kukaa peke yake katika ardhi au sehemu ya ardhi, na akapokea kodi, basi upangaji umekwisha kuwapo hata kama hakuna kilichoandikwa. Sheria inaangalia matendo ya watu wawili. Huyu amekaa, yule amepokea. Matendo hayo yanatosha kuwa mapatano.

Upangaji huo hupimwa kwa kipindi cha kodi. Ukilipa kwa mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kila upande unaweza kuumaliza kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho, nayo iishe siku ambayo kodi ingelipwa. Kwa hiyo mwenye shamba aliyepokea kodi yako miaka 20 hawezi kusimama leo na kukuita mvamizi, wala kukutoa asubuhi kwa tingatinga.

Lakini ndugu zangu, tazameni upande wa pili wa sarafu. Kama kodi ni ya mwezi, notisi inaweza kuwa ya mwezi mmoja. Familia imejenga nyumba ya mawe, imetia umeme na maji, imetumia akiba ya baba na ya watoto walio Ughaibuni, na kisheria inasimama juu ya mapatano yanayoweza kumalizwa kwa siku 30. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya nyumba bila ardhi. Siku mwenye shamba anapofariki, warithi wanapouza, na mnunuzi anapotaka kujenga ghorofa, ndipo familia inapogundua kwamba nyumba ni yake lakini msingi wake si wake.

Dawa yake ni mkataba wa muda mrefu ulioandikwa. Sheria inaruhusu upangaji wa miaka miwili au pungufu ufanywe hata kwa mdomo. Unaozidi hapo unatakiwa uandikwe na kusajiliwa. Tena, tangu Juni 2003, Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya kuuza au kutoa haki katika ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na pawe na shahidi. Ahadi ya mzee chini ya mwembe, hata ikiwa ya kweli kabisa, ni vigumu kuisimamisha mahakamani baada ya mzee huyo kuzikwa.

Neno moja juu ya maduka. Parokia nyingi zimejenga vibanda kando ya barabara na kuvipangisha. Kwa duka, hoteli au mgahawa, kuna sheria yake, Sura ya 301. Pasipo mkataba ulioandikwa, mpangaji wa duka analindwa: notisi hutolewa kwa fomu maalumu, haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili, na mpangaji anaweza kwenda kwenye baraza la kodi za majumba ya biashara kuipinga. Kamati inayofunga kufuli mlangoni mwa mpangaji Jumatatu kwa sababu hakulipa Ijumaa inaitia parokia katika kesi.

UMILIKI WA KUKAA MUDA MREFU

Sasa tuje kwa yule ambaye hakupanga wala hakukaribishwa. Sheria ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, inasema mtu hawezi kufungua kesi ya kudai ardhi yake baada ya miaka 12 kupita tangu haki ya kudai ilipoanza. Na kifungu cha 38 kinampa yule aliyekaa nafasi ya kwenda mahakamani kuomba aandikishwe kuwa mmiliki mahali pa mwenye hati. Siku hizi maombi hayo hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wapo waliosema kwamba jambo hili limefutwa na Katiba ya 2010, kwa kuwa Ibara ya 40 inalinda mali ya kila mtu. Swali hilo liliamuliwa hapa hapa kwetu. Katika kesi ya shamba la Kilifi, Mahakama ya Rufaa ya Malindi iliamua mwaka 2015 kwamba sheria ya miaka 12 haipingani na Katiba. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi: ardhi ni chache, na mwenye kuiacha miaka mingi bila kuitazama huku akimwona mwenzake akiilima, asitegemee sheria kumwamsha usingizini.

Lakini miaka 12 peke yake haitoshi. Mwenye kudai ni lazima athibitishe haya:

(a) Alikaa bila kutumia nguvu. Aliyefukuza watu kwa panga hana haki hii.

(b) Alikaa waziwazi. Alijenga, alilima, alipanda miti, na kila jirani alijua.

(c) Alikaa bila kukatizwa kwa miaka yote 12.

(d) Alikaa kama mwenye mali, akizuia wengine, na kipande anachodai kinajulikana mipaka yake.

(e) Alikaa bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Jambo la mwisho ndilo linalowashangaza watu. Mama mmoja akiulizwa mahakamani, atajibu kwa heshima zote: "Marehemu mzee alikuwa mtu mwema, alitukaribisha tukae." Anadhani anajenga kesi yake, kumbe kwa sentensi hiyo moja ameibomoa. Aliyekaribishwa ni mgeni wa mwenye shamba, na miaka ya ugeni haihesabiwi kuwa miaka ya umiliki. Mahakama zetu zimelisema hili tangu zamani. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 1983 ulieleza kwamba aliyekaa kwa ruhusa huanza kuhesabiwa miaka tangu siku ruhusa hiyo ilipokoma.

Vilevile mwenye kulipa kodi ya ardhi. Kila risiti anayoipokea inasema mambo mawili kwa pamoja. Inamwambia mwenye shamba: "Huyu ni mpangaji wako, huwezi kumtoa bila notisi." Na inamwambia mpangaji: "Ardhi hii ni ya mwingine, umekiri hivyo kwa mkono wako." Risiti hiyo inamlinda asitupwe nje kesho, lakini inamfungia mlango wa kudai ardhi kwa wingi wa miaka. Miaka 40 ya risiti ni miaka 40 ya upangaji.

PALE MAMBO MAWILI YANAPOKUTANA

Basi kodi ikikoma je? Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ndipo kesi nyingi za Pwani zinapoangukia.

Tuseme familia ilikuwa ikilipa kodi ya ardhi kila mwezi, bila mkataba wa maandishi. Mwenye shamba akafariki mwaka 2005. Msimamizi akahama, warithi wako mbali, hakuna aliyekuja tena kudai kitu. Familia ikaendelea kukaa, kulima na kujenga. Sheria ya Muda wa Kushtaki inasema kwamba katika upangaji usioandikwa, haki ya mwenye ardhi ya kudai huanza kuhesabiwa tangu siku kodi ilipopokelewa mara ya mwisho. Kwa hiyo, kama risiti ya mwisho ni ya mwaka 2005 na hakuna kilichotokea baadaye, miaka 12 ilikwisha mwaka 2017. Mjukuu wa mwenye shamba akija leo na hatimiliki mkononi, anaweza kukuta mlango umefungwa.

Mnaona basi jinsi risiti moja, karatasi ndogo kama kiganja, inavyoweza kubeba shamba zima. Mwenye ardhi anaitafuta aonyeshe kwamba kodi ililipwa karibuni. Mpangaji anaitafuta aonyeshe kwamba ililipwa zamani tu. Na mara nyingi imeliwa na mchwa.

Mambo mengine matatu ya kukumbuka. Kwanza, shamba likiuzwa kwa mtu mwingine, hesabu ya miaka haianzi upya. Mnunuzi anarithi na uzembe wa muuzaji. Ndiyo maana ni hatari kununua ardhi kwa kutazama hati ofisini bila kwenda shambani kuona ni nani analima. Pili, barua ya kumwambia mtu aondoke haikatishi hesabu. Mwenye ardhi anayeandika barua kila mwaka bila kwenda mahakamani anajidanganya. Tatu, hesabu hii haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya serikali. Waliokaa katika ardhi ya umma wana njia nyingine, kama vile Tume ya Taifa ya Ardhi na mipango ya makazi, lakini si hii.

Na hata pale mtu anapokuwa hana haki yoyote ya kukaa, haruhusiwi kutolewa kama mnyama. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwenye ardhi ya binafsi ni lazima atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na nakala ifike kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Anayepewa notisi anaweza kwenda mahakamani. Siku ya kutoa watu, wanaotoa ni lazima wajitambulishe, na utu wa watu ulindwe, hasa wa akina mama, watoto, wazee na wenye ulemavu.

KANISA NALO NI MWENYE ARDHI

Mpaka hapa mnaweza kudhani tunazungumza juu ya watu wengine. La. Kanisa nalo ni mwenye ardhi. Tangu siku za wamisionari, watu wamekaribishwa kuishi katika ardhi ya misheni. Kule Freretown, makazi yalianzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Katika viwanja vya parokia zetu leo kuna katekista mstaafu aliyepewa chumba, kuna mjane aliyeruhusiwa kulima nyuma ya kanisa, kuna fundi aliyejenga kibanda wakati wa ujenzi wa darasa na hajaondoka, kuna jirani aliyesogeza ua wake hatua mbili kila mvua za masika. Kila mmoja wa hawa yuko katika mojawapo ya makundi tuliyoyataja: mpangaji, mkaribishwa, au aliyekaa bila ruhusa. Tatizo ni kwamba kamati haijui ni yupi yuko wapi. Paroko aliyetoa ruhusa alihamishwa, mwenyekiti wa wakati huo amefariki, na kitabu cha kumbukumbu hakionekani.

Tunajua wajumbe wengine wakisikia habari za miaka 12 wataingiwa na hofu, na kusema: "Basi tuwatoe wote kabla haijatimia." Tunawasihi msifanye hivyo. Mnaikumbuka habari ya Nabothi katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alikuwa na mihuri, wazee wa mji na mashahidi. Karatasi zake zote zilikuwa sawa, na damu ya mtu ikamwagika. Parokia inaweza kushinda kesi na kupoteza watu. Ruhusa iliyoandikwa inatosha kuilinda ardhi ya Kanisa, na inamlinda pia yule mjane, kwa maana hatategemea tena moyo wa paroko ajaye.

Lakini pana jambo jingine ambalo ni lazima tuliseme wazi, hata kama si la kupendeza. Kuna familia ambazo huenda zimekwisha kukaa zaidi ya miaka 12 bila ruhusa ya mtu yeyote, na huenda sheria imekwisha kuwapa haki. Kamati ikiipelekea familia kama hiyo fomu ya upangaji na kusema, "Weka kidole hapa, ni utaratibu tu," karatasi hiyo itasomwa baadaye kama ungamo kwamba tangu mwanzo walikaa kwa ruhusa. Kwa mwenye ardhi yeyote huo ungekuwa ujanja. Kwa Kanisa ni dhambi. Familia ya namna hiyo ielezwe ukweli wote kwa lugha inayoielewa, ipewe muda, na iambiwe wapi pa kupata ushauri wa kisheria usiotoka kwetu. Baada ya hapo ndipo tukae mezani. Ibara ya 60 na ya 159 za Katiba zinahimiza migogoro ya ardhi imalizwe kwa mapatano ya wenyeji, na mara nyingi mezani hupatikana njia ambayo mahakama isingeiona: kugawana kiwanja, kubadilishana kipande, au kulipa kidogo kidogo.

TUNACHOWAOMBA WAJUMBE

Tunaomba kila kamati ya parokia ifanye mambo haya kabla ya mkutano wetu wa mwaka ujao:

1. Pateni nakala ya hatimiliki, na mfanye upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa ardhi, ile ambayo watu huiita sachi. Hakikisheni jina lililoandikwa ni la wadhamini waliosajiliwa, na si la paroko wa zamani au la mzee aliyetoa ardhi kwa nia njema lakini hakuihamisha.

2. Tembeeni mipaka pamoja na majirani, wazee na mpima ardhi. Tafuteni mawe ya mpaka. Yakiwa yamepotea, yarudishwe mbele ya watu wote.

3. Andikeni orodha ya kila anayekaa, anayelima au anayefanya biashara katika ardhi ya parokia: aliingia lini, kwa neno la nani, na analipa nini.

4. Kwa walio wapangaji au wakaribishwa, andaeni mapatano ya maandishi. Yataje kiwanja na mipaka, matumizi, tarehe ya kuanza, malipo kama yapo, nyumba na miti ni ya nani, fidia itakuwaje, notisi ni ya muda gani, na itakuwaje mmoja akifariki. Mume na mke wote waandikwe. Tumeona wajane wengi waliolipa kodi kwa mikono yao wenyewe, lakini kila risiti ina jina la mume tu. Kumbukeni pia kwamba kamati haina mamlaka ya kupangisha ardhi ya jimbo. Mapatano yapite kwa wadhamini.

5. Toeni risiti kwa kila shilingi, na mhifadhi nakala. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi mlio wapangaji majumbani kwenu, kwa maana wengi wetu hapa tunaishi katika nyumba bila ardhi, fanyeni vivyo hivyo. Tunzeni risiti mahali pasipofika maji wala mchwa. Msikubali kutia sahihi karatasi msiyoielewa. Kodi ikikataliwa, au mtu mpya akija kuidai, msinyamaze. Ombeni aonyeshe hati, na mtafute ushauri wiki hiyo hiyo.

KWA WAFADHILI WETU

Wafadhili wetu wapendwa, tunawashukuru kwa matangi ya maji na madarasa. Tuna ombi ambalo halitapigwa picha vizuri. Upekuzi wa hati, kazi ya mpima ardhi, ada za kusajili mkataba, nauli ya mzee kwenda mahakamani Malindi au Mombasa, mafunzo ya wasaidizi wa kisheria katika kila parokia: haya hayana jiwe la msingi la kuwekwa wala utepe wa kukatwa. Lakini darasa lililojengwa katika ardhi yenye mgogoro linaweza kusimamishwa na amri ya mahakama siku moja kabla ya kufunguliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, kwa hiyo msingi wa kisheria upo. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa vizuri na wanaofikika, watakaomsomea bibi notisi yake kabla siku hazijaisha. Tunaomba katika kila mradi wa ujenzi mtakaoufadhili, sehemu ya fedha itengwe kwa ajili ya karatasi za ardhi ambayo jengo litasimama juu yake.

Tunaombwa pia kuwajibu wale wanaouliza kama si hatari kwa Kanisa kuwafundisha watu haki zao, kwa kuwa kesho watazitumia dhidi ya parokia. Tunajibu kwamba huenda wakafanya hivyo. Ni afadhali jirani anayejua haki yake na kukaa nasi mezani kuliko jirani asiyejua, anayekaa kwa hofu miaka yote, na mwisho akachochewa na wanasiasa wakati wa uchaguzi.

MWISHO

Tunawaomba mkifika nyumbani msome sura ya 32 ya Kitabu cha Yeremia. Mji ulikuwa umezungukwa na maadui, na nabii mwenyewe alikuwa amefungwa. Hata hivyo alinunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha mbele yao. Hati zilikuwa mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Yeremia alikuwa na neno la Mungu mwenyewe kwamba watu watarudi na kununua mashamba tena. Angeweza kusema neno hilo linatosha. Lakini aliandika, kwa ajili ya watu watakaokuja baada yake ambao hawakuwapo siku ile.

Wajukuu wa mkaribishwa na wajukuu wa mwenye shamba hawatakuwa na kumbukumbu ya maneno tuliyosemezana leo. Tukiwaachia karatasi iliyo wazi na ya haki, tutakuwa tumewaachia amani pia.

Fomu za orodha ya wakazi na mfano wa mapatano ziko mezani kwa katibu. Kila parokia ichukue nakala mbili.